Majambia, Ala na Hewa ya Nizwa

Mlango wa ndege ulipofunguliwa Muscat mwezi wa Juni, miwani yangu iliingia ukungu papo hapo. Joto lilikuwa zito na lenye chumvi, kama Unguja wakati wa kaskazi, ila kali zaidi. Nje alikuwa akinisubiri Ami, mdogo wake marehemu baba, mzaliwa wa Malindi ya Mji Mkongwe. Alihamia Oman miaka ya 1970, Sultani Qaboos alipokwisha kushika utawala na kuwafungulia mlango watu wa asili ya huko. Kiswahili chake hakijachuja hata kidogo.

"Shikamoo Ami."

"Marahaba mwanangu. Picha umezileta?"

Picha ndizo zilizonisafirisha. Babu aliacha kasha la njumu lililojaa visu: majambia ya Kiomani na ya Kiyemeni, bilawa ya Kisomali, sime, na visu vya kukunja vya Sheffield alivyonunua kwa mabaharia. Ukoo ulikwisha kukubaliana kwamba hakiuzwi kitu. Lililobaki ni mahali pa kuviweka, maana kutu ilikuwa imeanza kula mabapa, na fedha ya ala imeingia weusi. Kwa kuwa Waomani huvaa khanjari mpaka leo, na wameiweka kwenye bendera yao, nikaambiwa nende nikaone wao wanazitunzaje.

Tulianzia soko la Matrah, ambako ubani unakulaki kabla hujafika mlangoni. Ami alinipeleka kwa sonara mmoja mzee. Dirishani zilipangwa khanjari mpya za watalii, kila moja ndani ya ala yake. Nilipomwonesha picha, mzee alivuta mtoto wa meza na kutoa ya zamani. Ala ilikuwa tupu, imetiwa kijiti cha mbao isipoteze umbo. Bapa lilikuwa peke yake, limefungwa kitambaa cha pamba, linateleza kwa mafuta membamba. Akatuambia kwa Kiarabu, Ami akifasiri, kwamba ala ni nguo ya kutokea, si ya kulalia. Ngozi hunyonya unyevu wa hewa, na dawa iliyotumika kuilainisha hubaki ndani yake miaka na miaka. Chuma kikilala humo, kinaliwa kimyakimya.

Kisha akaikuza picha ya jambia moja kwenye simu yangu, akaweka ukucha juu ya mstari mweusi uliozunguka fedha ya ala, mnyoofu kana kwamba umechorwa kwa rula. Hapo ndipo Babu alipoifunga kwa mpira, ule wa kufungia noti. Mpira una salfa, na salfa ndiyo inayoitia fedha weusi. Sufu nayo inayo, na Babu alivizungushia visu vyake vyote vitambaa vya sufu kwa mapenzi makubwa.

Ami alikuwa na rai yake tangu mwanzo: tuvilete visu vyote Oman, vikae kwake, kiyoyozi kinanguruma usiku na mchana. Kama hapo pwani bado ni pabichi, kuna Nizwa huko bara. Kesho yake tukashika njia, kilomita 140 hivi, tukipita baina ya milima ya Hajar. Kadiri tulivyoiacha bahari ndivyo midomo ilivyokauka. Ngome ya Nizwa na mnara wake mnene wa duara ilijengwa karne ya 17 na Imamu Sultan bin Saif, yule yule aliyewatoa Wareno Muscat mwaka 1650. Ningeweza kushinda pale juu siku nzima, lakini Ami hana subira na majengo.

Sokoni, chini ya ngome, mabapa ya zamani yalikuwa meupe, hayana hata doa. Nikadhani Ami ameshinda. Lakini muuzaji alipoigeuza khanjari moja nikaona mpini wake wa pembe umepasuka toka juu hadi chini, ufa wa kupenya ukucha. Ngozi ya ala nayo ilikuwa imekakamaa, ikimeguka pindoni. Hewa iliyokiokoa chuma ndiyo iliyoiua pembe.

Hapo ndipo hasa penye shida ya jambia, na sijui kwa nini wauza makabati hawaisemi. Kisu cha jikoni ni chuma, ukikikausha umemaliza. Jambia ni chuma, fedha, pembe, mti na ngozi vilivyofungwa pamoja, na kila kimoja kinataka hewa yake. Unyevu ukipita asilimia 60, chuma kinaanza kushika kutu. Ukishuka sana, pembe na mti hupasuka. Ukiweza kuushikilia karibu na 50 bila kupandishwa na kushushwa, vyote huvumilia. Kiyoyozi kinachowashwa usiku na kuzimwa asubuhi ni kibaya kuliko kutokuwa nacho.

Rai ya Ami ilikwama pengine pia. Mipini miwili ya Babu ilishukiwa na yule sonara wa Matrah kuwa ya pembe ya kifaru. Biashara ya kimataifa ya pembe hiyo imezuiwa na mkataba wa CITES tangu 1977, na kuivusha mpaka, hata iwe ya urithi, ni habari ya vibali. Ami aliguna, akaagiza kahawa.

Khanjari yake mwenyewe, niseme, imetundikwa ukutani barazani, ndani ya ala yake, na haina kutu. Huivaa kila Idi, kila harusi, huipangusa na kuipaka mafuta kabla ya kuirudisha.

Niliporudi Unguja nikalitafuta kabati la chuma la ramani, lile la maofisi ya upimaji lenye watoto wapana na wafupi, kwa sababu ala iliyopinda haiingii popote pengine. Fundi seremala alinishawishi sana nichukue la mbao, lakini mbao mbichi na gundi zake hutoa mvuke wenye asidi. Nimetandika pamba iliyofuliwa, isiyo na wanga. Mabapa yamepakwa mafuta ya cherehani, si ya nazi, ambayo huganda na kunata. Ala zimelala kando, na kila mtoto ana vipakiti vya silika na kipima unyevu kidogo. Kabati lenyewe liko ghorofani, mbali na ukuta wa nje, maana kuta zetu za mawe ya matumbawe hunyonya maji na chumvi toka ardhini.

Ami alipiga simu kuuliza kama kabati lina kufuli, na watoto wa dada wamejaa nyumbani. Nikamwambia linalo, na ufunguo anao shangazi.

"Basi hata wewe hutaviona," akasema.