Chungu cha Dhanvantari na tembe za cucu

Wasee, leo sina utani mwingi. Nataka kukubali kosa hadharani, kwa sababu nililifanya hadharani pia.

Mnaonifuata mnajua mimi hurekodi video zangu hapa Dagoretti: bei ya sukuma Kawangware, makanga wenye vituko, matope ya Kabiria mvua ikinyesha. Mwaka jana jamaa mmoja anayeuza unga wa mitishamba alinitafuta. Alitaka nishike mkebe wake mbele ya kamera na kusema unashusha sukari, presha na maumivu ya viungo. Elfu tano kwa M-Pesa. Nilikuwa na deni la nyumba. Nikashika mkebe, nikatabasamu, nikasema. Sikuwa nimeonja hata kijiko kimoja.

Video ilitazamwa sana. Mmoja wa waliotazama ni cucu.

Cucu anaishi Waithaka. Mimi nimebeba jina la guka, kwa hivyo yeye huniita "mūthuri wakwa", yaani mume wangu, na chai hunipa mimi kwanza hata kama nimefika wa mwisho. Ana ugonjwa wa sukari, miaka mingi sasa. Humeza tembe za metformin asubuhi na jioni. Simu yake ni ya kupiga na kupokea tu, lakini binamu yangu alimwonyesha video, na cucu alipoona uso wangu pale hakuhitaji kusikia mengine. Akatuma anunuliwe mikebe miwili. Tembe akazifunga kwenye kitambaa, akaziweka juu ya kabati.

Wiki ya sita nilipigiwa simu usiku. Cucu alikuwa akienda choo kila wakati, mdomo umekauka, anaongea maneno yasiyoshikana. Tukamkimbiza hospitali na gari la jirani. Daktari hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Kuna kitu kingine anatumia?" Mimi nikaangalia viatu vyangu.

Alipata nafuu, na nasema hivyo mapema ili msiendelee kusoma mkiwa na hofu. Lakini kwa wiki mbili sikuweza kurekodi chochote.

Siku moja nikaenda Ngara kununua dengu na viungo, kwa sababu daktari alisema tumbadilishie cucu chakula. Kwenye duka moja la Mhindi, juu ya kaunta, palikuwa na picha ya mungu mwenye mikono minne, mmoja ameshika chungu. Chini yake taa ndogo. Nikamuuliza mzee wa duka, "Mzee, huyu ni nani?"

"Dhanvantari," akasema. "Daktari wa miungu."

Duka halikuwa na watu, kwa hivyo akanisimulia. Zamani miungu na mashetani waliitafuta amrita, kinywaji cha kutokufa. Ilikuwa imefichwa kwenye bahari ya maziwa. Wakachukua mlima Mandara ukawa mti wa kusukia, nyoka Vasuki akawa kamba, miungu wakavuta upande huu, mashetani upande ule, wakaisuka bahari vile mama zetu wanavyosuka maziwa kwenye kibuyu. Kitu cha kutisha kilichotoka mwanzoni kilikuwa sumu, kali ya kumaliza dunia. Shiva akainywa, akaizuia kooni, koo likageuka buluu. Dhanvantari alitokea baadaye kabisa, na chungu chake mkononi. Na hata hapo bado waligombania chungu.

Aliniambia pia kwamba siku mbili kabla ya Diwali, siku ya Dhanteras, watu humwashia taa na kuomba afya.

Kisha mzee akafungua droo, akatoa tembe, akameza moja na maji. Nikashangaa. "Na wewe pia?"

"Presha," akasema. "Mungu namwashia taa. Presha naipeleka hospitali."

Nilicheka, lakini nikiwa kwa mathree kurudi nyumbani niliwaza sana. Mimi nilidhani kuna pande mbili: dawa za asili upande mmoja, hospitali upande ule mwingine, na lazima uchague timu kama Gor na AFC. Nikaanza kusoma. Sushruta Samhita, kitabu cha kale cha tiba ya Wahindi, husimulia kwamba mafunzo yake yalitolewa na Dhanvantari akiwa mfalme wa Kashi, mji unaoitwa leo Varanasi. Na kitabu hicho kinajulikana zaidi kwa nini? Upasuaji. Kuna maelezo ya kutengeneza pua iliyokatwa kwa kutumia nyama ya shavu. Yaani huyo huyo anayewekwa kwenye mikebe ya mitishamba ndiye mwalimu wa visu.

Halafu nikakutana na metformin yenyewe. Mizizi yake iko kwenye mmea wa Ulaya uitwao Galega officinalis, uliotumiwa na watu wa kale kama dawa. Wanasayansi walichunguza kemikali za mmea huo, wakaona zinashusha sukari lakini zina sumu. Wakatengeneza zinazofanana nazo, wakapima, wakatupa zilizodhuru. Mwaka 1957 daktari Mfaransa, Jean Sterne, akachapisha matokeo ya kutibu wagonjwa wa sukari kwa metformin. Kwa hivyo cucu aliacha dawa yenye asili ya mitishamba, iliyopimwa kwa miaka, akachukua unga usiojulikana ndani una nini. Kwa sababu ya sura yangu.

Msinielewe vibaya. Sidharau mitishamba. Mūiri, mti ambao wazee wetu walichemsha magome yake, hutengenezewa dawa ya tezi dume huko Ulaya, na magome yalisakwa hadi biashara yake ya kimataifa ikawekewa masharti mwaka 1995. Mwarobaini, tunaouita hivyo kwa sababu eti hutibu magonjwa arobaini, ulitoka huko huko Bara Hindi, na leo hakuna anayeuona mgeni. KEMRI wana kituo kinachochunguza dawa za kienyeji tangu miaka ya themanini. Kuna kitu pale, bana.

Lakini pia kuna sumu, na hutoka kwenye bahari ile ile. Mwaka 2004 watafiti walichapisha matokeo ya kupima bidhaa 70 za Ayurveda zilizouzwa madukani eneo la Boston, Marekani. 14 zilikuwa na risasi, zebaki au aseniki. Hapa risasi nasema ile metali, si ya bunduki, ingawa kwa mwili hazijapishana sana. Zote ziliuzwa waziwazi, kwa watu waliotaka kupona.

Na tusijifanye tumesahau 2011. Watu wangapi kutoka Kenya walivuka kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Babu kwa shilingi 500 za Tanzania? Kuna walioacha dawa zao za kila siku baada ya kile kikombe. Mimi nilikuwa mtoto, nikasikia watu wazima wakiongea kuhusu foleni ya magari. Kuhusu waliorudi na kuugua zaidi, sauti zilikuwa chini.

Kwa hivyo nilienda Waithaka kumwomba cucu msamaha. Nilikuwa nimepanga maneno. Nikamweleza kwamba nililipwa, kwamba sikujua ule unga una nini. Akanisikiliza hadi mwisho, akisonga ugali.

"Mimi sikuamini unga," akasema. "Niliamini wewe."

Kisha akaniambia ninawe mikono.

Ile video nimeifuta. Nimeweka nyingine nikieleza yaliyotokea, na imetazamwa na watu wachache sana kuliko ya kwanza. Ndivyo ilivyo. Muuza unga amenipigia mara mbili akisema namharibia jina, ingawa sikumtaja na hapa pia simtaji. Elfu tano nilishakula, lakini nimenunua mashine ya kupima sukari kwa kiasi kama hicho, iko mezani kwa cucu. Mimi ndiye ninayemtoboa kidole Jumapili, na yeye ndiye anayenilaumu kwamba namtoboa kama mtu wa kushona magunia.

Ombi langu ni dogo. Ukiona mtu kama mimi ameshika mkebe, muulize amelipwa pesa ngapi, na muulize mkebe ulipimwa wapi. Na ukiwa unatumia mitishamba, mwambie daktari wako bila aibu, na usiache tembe kabla hajakwambia.

Cucu bado anakunywa chai yake ya majani asubuhi. Tulimwonyesha daktari hayo majani, akasema hayana shida. Tembe ziko kando ya kikombe, sio juu ya kabati.