Mcheza kwao hutunzwa, Biashara je?

Msimu wa 2021/22 wa Ligi Kuu Tanzania Bara umekwisha, na timu yangu imeshuka daraja. Biashara United ya Musoma imemaliza katika nafasi mbili za mwisho pamoja na Mbeya Kwanza, na msimu ujao itacheza Ligi ya Championship. Yanga wamechukua ubingwa bila kupoteza hata mchezo mmoja, kwa hiyo mazungumzo yote ya mpira nchini ni ya kwao, na kushuka kwetu kumepita kimya kimya. Naomba nafasi hii nilizungumze kwa kirefu kidogo, kwa sababu naona lina la kutufundisha sisi watu wa Mara, na hata sisi mafrateri tunaojiandaa kutumwa kwa watu ambao mara nyingi hawatakuwa upande wa washindi.

Kwa wasioifahamu, Biashara United ilipanda Ligi Kuu mwaka 2018. Mashabiki wakaiita Wanajeshi wa Mpakani, maana Mara ni mkoa wa mpakani, na ukiendelea na barabara ya Sirari unaingia Kenya. Uwanja wake ni Karume, pale pale Musoma mjini. Sisi wa Bunda tulikuwa tunapanda gari asubuhi, tunapita Makutano ilipo njia ya kwenda Butiama, na kabla ya adhuhuri tuko Musoma, tunakula sato na ugali, kisha tunakwenda kupanga foleni. Ndani ya uwanja ule nilisikia Kijita, Kikurya, Kizanaki na Kijaluo katika benchi moja, na wote wanamlaumu mshika kibendera yule yule. Sisi wenyeji wa mkoa huu tunajua kwamba si mahali pengi panapoweza kuwakusanya watu wetu namna hiyo. Kanisani tunakusanyika, msibani tunakusanyika, na kwa miaka minne tulikusanyika Karume.

Ili uelewe uchungu wa msimu huu, lazima uanzie msimu uliotangulia. Mwaka 2020/21 Biashara ilimaliza ya nne. Juu yake walikuwa Simba, Yanga na Azam, yaani timu tatu zenye fedha kuliko nyingine zote nchini. Katika Kombe la Shirikisho la Azam tulifika nusu fainali, tukatolewa na Yanga. Kwa nafasi ile ya nne tukapata tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika, maana Tanzania ilikuwa imeongezewa nafasi na kupeleka timu nne katika mashindano ya bara. Timu ya Musoma kwenye mashindano ya Afrika! Wapo wazee waliosikia habari ile wakauliza mara mbili.

Safari ile ilianza vizuri. Tuliwatoa FC Dikhil ya Djibouti. Raundi iliyofuata tukapangwa na Al Ahli Tripoli ya Libya. Tarehe 15 Oktoba 2021, katika Uwanja wa Benjamin Mkapa jijini Dar es Salaam, Biashara ikawafunga Walibya mabao 2-0. Sisi mafrateri tuna saa zetu za simu, na siku ile matokeo yalitufikia usiku, yakatembea kutoka kitanda hadi kitanda. Wenzangu wa Kagera na Kigoma walinipa mkono kana kwamba mimi ndiye niliyefunga.

Mchezo wa marudiano ulikuwa wiki iliyofuata, kule Libya. Biashara haikufika. Timu haikusafiri, Al Ahli Tripoli wakapewa nafasi, na mabao yetu mawili yakabaki kumbukumbu tu. Sikusudii kumnyooshea mtu kidole hapa. Yalisemwa mengi wakati ule, na mimi sikuwa katika ofisi za waliokuwa wakihangaikia ile safari. Naangalia tukio lenyewe. Vijana walishinda uwanjani, wakatolewa nje ya uwanja. Wale Walibya waliendelea hadi nusu fainali ya mashindano yale, ndipo walipotolewa na Orlando Pirates ya Afrika Kusini. Siwezi kusema tungefika huko sisi. Ninachosema ni kwamba tulikuwa mbele kwa mabao mawili dhidi ya timu iliyofika huko.

Kwa maoni yangu, Biashara ilianza kushuka daraja wiki ile, ingawa hesabu zilikamilika Juni. Mchezaji anayeona kazi yake imefutwa kwa jambo ambalo si la mpira, mguu wake hauwi tena ule ule. Katika dirisha dogo Denis Nkane, mmoja wa vijana wetu wenye kasi, akaenda Yanga. Simlaumu hata kidogo. Mtoto wa mtu ana familia na ana kipaji, na mlango ulifunguka. Lakini timu iliyokuwa ya nne ilicheza mzunguko wa pili kama nyumba ambayo watu wanahama chumba kimoja kimoja.

Katika vijiwe vya Musoma utasikia maelezo mengine. Wapo wanaosema ni waamuzi. Wapo wanaosema kuna mkono wa mtu, na kwamba uwanja wetu ulikuwa umefungwa. Maelezo haya ya pili nayakataa kama Mkristo na nayakataa pia kama shabiki, kwa sababu yanatuzuia kuona kilicho wazi. Tazama timu za Kanda ya Ziwa zilizowahi kupanda. Toto Africans ya Mwanza ilishuka mwaka 2017. Stand United ya Shinyanga ikashuka 2019. Mbao na Alliance, zote za Mwanza, zikashuka 2020. Mwadui na Gwambina zikafuata 2021. Sasa ni zamu yetu. Kama ni uchawi, basi huyo mchawi ana ratiba nzuri kuliko bodi ya ligi.

Halafu tazama zilizobaki. Kagera Sugar ina kiwanda nyuma yake. Geita Gold, timu ya mji wa migodi, ilipanda mwaka 2021 tu, na msimu huu huu imemaliza ya nne. Mshambuliaji wake George Mpole ameongoza kwa mabao, 17. Nafasi ile ile tuliyokuwa nayo sisi mwaka jana, leo anayo jirani yetu wa ng'ambo ya Mwanza. Geita hawana miguu tofauti na ya vijana wa Tarime, Rorya au Bunda. Tofauti ni kwamba mchezaji wa timu yenye mfuko wa uhakika hajiulizi Jumatano kama Jumamosi kutakuwa na nauli.

Hapo ndipo ninapofika kwetu sisi mashabiki. Mara si mkoa maskini. Tuna ziwa lenye sangara na dagaa, tuna dhahabu ya Nyamongo, tuna Serengeti, tuna ng'ombe. Lakini nenda Karume siku Simba au Yanga inapokuja Musoma. Watu wanatoka Butiama, Bunda, Serengeti na Tarime, wengine wamelala mjini tangu jana. Uwanja unajaa, na umejaa jezi nyekundu, au kijani na njano. Wenyeji wanawashangilia wageni. Nimeona kijana wa Musoma, aliyezaliwa Nyasho, akimzomea golikipa wa Musoma kwa sababu alidaka mpira uliokuwa unaingia. Kisha njoo wiki mbili baadaye, Biashara inacheza na timu ya Mbeya au ya Ruvu. Unachagua kiti unachotaka.

Waswahili walisema mcheza kwao hutunzwa. Akicheza ngoma mbele ya watu wake, hutuzwa hata kama mguu umeteleza, maana ni wa kwao. Wacheza wetu walicheza kwao, na ngoma ilikuwa nzuri, lakini mikono yetu mingi ilikuwa mfukoni ikisubiri wageni waingie uwanjani.

Likizo hii nilizungumza na mjomba wangu anayeishi Butiama, mtu wa Yanga tangu ujana wake. Alikuwa na furaha ya ubingwa, nikampongeza kwa haki yake. Kisha akaniambia, "Mpwa wangu, wewe unajitesa bure. Mpira ni burudani, siyo ndoa. Timu ikikuumiza unahama."

Nikamjibu, "Mjomba, kwa hiyo mwaka ule Yanga ilipokosa ubingwa mara nne mfululizo, ulihama?"

Akacheka sana. "Yanga ni Yanga," akasema.

"Na Biashara ni Biashara," nikasema. "Tofauti yetu ni kwamba ya kwako ina watu nchi nzima wa kuipokea ikianguka. Ya kwangu ikianguka ina sisi tu."

Hakunijibu, lakini aliniongezea uji, na kwa mjomba wangu hilo ni jibu la heshima.

Nilifikiri sana juu ya neno lile la kuhama. Mwaka huu wa 2022 tunaadhimisha miaka 100 tangu kuzaliwa kwa Mwalimu Nyerere, aliyezaliwa Butiama tarehe 13 Aprili 1922 na kuzikwa Butiama. Mtu huyu alijulikana duniani kote, na alipostaafu alirudi kijijini kwake kulima. Jimbo letu jirani la Musoma lilianzisha mchakato wa kuomba atangazwe mwenye heri, na leo tunamwita Mtumishi wa Mungu. Tunapozungumza habari zake huwa tunakimbilia mambo makubwa ya siasa. Mimi huwa navutiwa na hili dogo, kwamba alirudi kwao, na kwamba Azimio la Arusha la 1967 lilifundisha kuwa anayesubiri fedha za mwingine ili aanze kuishi hajawa huru bado. Timu yetu ilikuwa inasubiri. Kila mchezo wa mbali ulikuwa na mfadhili wake wa kutafutwa, na kila mfadhili alikuwa na siku yake ya kuchoka.

Wenzetu wanaosoma teolojia wanajua kuwa tumaini siyo kubashiri. Anayebashiri anaangalia msimamo wa ligi, anapiga hesabu, kisha anachagua pa kukaa. Mwenye tumaini anakaa kwanza, halafu anaanza kazi. Wavuvi wa Galilaya waliokesha bila kupata hata samaki mmoja walikuwa tayari wanaosha nyavu zao walipoambiwa warudi kilindini. Ukienda Mwigobero asubuhi utawaona wavuvi wetu wakifanya vile vile, wanashona nyavu baada ya usiku mbaya, kwa sababu usiku mwingine unakuja. Sijawahi kumsikia mvuvi wa Musoma akisema atahamia ziwa linaloshinda.

Na mimi najiuliza, tutakapopelekwa parokiani, itakuwaje? Kuna parokia ambazo ni kama Simba na Yanga. Kila mtu anazifahamu, kwaya zake ziko redioni, sadaka inahesabiwa hadi jioni. Na kuna vigango ambavyo Jumapili ya mvua utawakuta wazee sita na katekista. Anayejifunza kupenda kinachoshinda tu, siku ya kigango cha wazee sita atakuwa anaangalia saa. Kwa hiyo sioni kuwa ni jambo la kitoto kubaki na timu iliyoshuka. Ni mazoezi.

Basi nini kifanyike? Mimi si kiongozi wa klabu wala sina fedha, lakini shabiki ana maoni na haya ndiyo yangu. Kwanza, tiketi. Mchezo wa Championship pale Karume utakuwa na kiingilio kidogo, na watu wa Bunda na Butiama wanaomudu nauli ya kwenda kumwona mgeni mkubwa wanaweza kumudu nauli mara moja kwa mwezi kumwona wa kwao. Pili, uanachama wenye hesabu zilizo wazi. Katika jumuiya ndogo ndogo zetu tunachanga, na kila mwezi mtunza hazina anasoma mbele ya wote kilichoingia na kilichotoka. Watu hawaogopi kuchanga. Wanaogopa kuchanga gizani. Klabu ikisoma hesabu zake hadharani, itashangaa ni wafanyabiashara wangapi wa soko la Nyasho watatoa kidogo kidogo bila kuombwa mara mbili. Tatu, watoto. Mashindano ya shule, UMITASHUMTA na UMISSETA, yanaibua vipaji kila mwaka hapa kwetu, kisha vipaji hivyo vinapotelea kwenye bodaboda na machimbo. Timu inayolea watoto wake wa miaka 15 haitatikisika sana mmoja akiondoka dirisha dogo.

Majuzi baada ya mafundisho ya kipaimara, hapa parokiani Bunda, niliwakuta watoto wanacheza mpira wa makaratasi nyuma ya kanisa. Waligawana timu, na kama kawaida upande mmoja ukajiita Simba na mwingine Yanga. Akabaki mtoto mmoja mdogo bila upande. Nikamuuliza, "Na wewe ni nani?" Akasema, "Mimi Biashara, Frateri." Wenzake wakamcheka, wakamwambia Biashara imeshuka. Yule mtoto akawaangalia kama watu waliosema jambo lisilohusika kabisa, akaingia uwanjani.

Ratiba ya Championship itatoka. Likizo yangu itakuwa imekwisha, na mimi nitakuwa seminarini nikisubiri saa ya simu. Wewe uliyebaki Mara, nenda Karume kwa niaba yangu, lipa kiingilio, kaa popote, maana nafasi zitakuwepo. Na golikipa wa Musoma akidaka, tafadhali mpigie makofi.