Picha Niliyoichana



Leo nataka nikusimulie kosa langu mwenyewe, kwani mwalimu asiyetaja makosa yake mwisho hujidhani hana, na hicho ndicho kibri.

Hapa kwetu Ruaruke, upande wa delta ya Rufiji, wengi wa wanafunzi wa chuo changu ni watoto wa wavuvi. Siku moja baada ya alasiri mmoja wao alinijia na karatasi ya rangi iliyotoka mjini. Imechorwa mwanamke anayechomoza baharini: toka kiunoni kwenda chini ni samaki, ana mikono minne, nyoka shingoni, mkono mmoja umeshika ua la yungiyungi na mwingine kombe la pwani. Akaniuliza, "Maalim, huyu ndiye nguva?"

Badala ya kumjibu, niliinyakua karatasi nikaichana vipande vipande mbele ya chuo kizima. Nikajiona nimeitetea dini.

Halikupita juma, baba yake akaja kwangu baada ya isha. "Maalim, mwanangu halali. Asema picha ya mwenye bahari imechanwa kwa sababu yake, na huyo bibi atanichukua mimi. Nikishika kasia, analia." Kisha akainamisha kichwa. "Na mimi, nikwambie kweli, bamvua hili sijatoka."

Hapo nikafahamu. Yule mtoto hakuniona nikiidharau karatasi; aliniona nikiiogopa. Aliuliza swali la kutaka elimu, nami nikamjibu kwa ghadhabu, naye akaifasiri ghadhabu yangu kuwa ni hofu. Hivi ndivyo mwalimu anavyoweza kuipanda itikadi mbovu kwa mkono ule ule anaodhani anaing'oa.

Asubuhi nikawaita wote wawili, nikawaeleza jinsi picha ile ilivyoungwa, kama nguo ya viraka.

Kiraka cha kwanza ni cha Wayunani wa kale. Wao walidai kuwa mungu wao wa kike, Aphrodite, alizaliwa katika povu la bahari. Walikuwa pia na hadithi ya wanawake waimbaji waliowapoteza mabaharia. Lakini katika michoro yao ya zamani wanawake hao walikuwa na miili ya ndege! Mkia wa samaki walipewa baadaye huko Ulaya. Kiraka cha pili ni cha Wahindu, wanaosimulia kwamba Lakshmi alitoka katika bahari ya maziwa iliyosukwasukwa, na kwamba Vishnu alipata kujigeuza samaki. Mikono minne na ua la yungiyungi vimetoka huko. Na nyoka je? Katika miaka ya 1880 huko Hamburg, Ujerumani, ilichapwa picha ya mwanamke mcheza na nyoka. Ikafika Afrika Magharibi, watu wakasema huyu ndiye Mami Wata, bibi wa majini. Mwaka 1955 ikachapwa upya Bombay. Na katika miaka ya 1970 wachoraji wa Lubumbashi, Kongo, walikuwa wakimchora bibi wa namna hiyo, wakimwita Mamba Muntu, na watu wakimtundika ukumbini.

Basi, msomaji wangu, "mwenye bahari" huyo ana mtambo uliomchapa na ana bei dukani.

Wala usistaajabu kuwa hadithi za Wayunani na za Wahindu zimekutana. Kitabu cha Kiyunani cha karne ya kwanza, Periplus, kinautaja mji wa biashara wa Rhapta katika pwani yetu hii, na Mkukutu karibu na Kibiti zimechimbuliwa shanga za Kirumi za zama hizo. Bahari hupitisha bidhaa, na hadithi husafiri humo humo. Kusimulia si kuamini. Hatari ni pale msimulizi anapokufa na picha ikabaki. Masahaba wametufundisha kwamba Waddi, Suwaa na wenzao waliotajwa katika Suratu Nuh walikuwa watu wema waliofanyiwa sanamu za ukumbusho, na elimu ilipotoweka, vizazi vya nyuma vikaziabudu. Tazama: shirki iliingia elimu ilipotoka.

Mtoto akasikiliza, kisha akauliza, "Basi nguva ni nani?"

Aliyejibu ni baba yake. Alisema ni mnyama wa Mungu, hula majani ya chini ya bahari, huzaa mtoto mmoja na kumnyonyesha, na hupanda juu kuvuta pumzi kama sisi. Kwa hiyo akinaswa na jarife hufa kwa kukosa hewa. Akanyamaza kidogo. Ujanani mwake, akasema, walimkuta mmoja amekufa wavuni na mwanawe anamzungukazunguka. Wakagawana nyama. Nami nikakumbuka kwamba fungu moja la nyama hiyo lililetwa kwangu, nikala, wala sikuuliza.

Ndugu msomaji, lipime jambo hili. Yule wa karatasi, asiyekuwepo, alimzuia mwanamume mzima kutoka kutafuta riziki ya wanawe. Huyu wa kweli, aliyeumbwa na Mwenyezi Mungu (S.W.), mwenye kuzaa mara moja tu katika miaka kadhaa, tumemmaliza hata vijana wengi wa delta hawajapata kumwona, ingawa sheria ya nchi inamlinda. Tumemwogopa asiyeumbwa, na aliyeumbwa hatukumhurumia. Je, huo si upofu?

Basi mwanao akikujia na picha, usimchanie kabla hujamjibu. Mwambie imetoka wapi na nani aliichora. Mfundishe kwamba mawimbi yana Bwana mmoja, Naye hahitaji kupewa uvumba wala ubani. Na wewe mvuvi, ukimkuta nguva hai wavuni mwako, mkate kamba aende zake, kwani rehema kwa kiumbe ina malipo.

Yule mtoto sasa hutoka na baba yake. Mimi nimemwomba radhi mbele ya wenziwe, pale pale nilipomwaibisha.

Mwenyezi Mungu atusamehe, atupe elimu yenye manufaa, na awarudishe salama wote walio baharini. Amin.