Chini ya Mtungi, Lamu

Nyumba ya shangazi yetu huko Lamu ina kiwanda kidogo kisichopata jua ila adhuhuri. Kuta zake ni za matumbawe na chokaa, na pembeni umekaa mtungi wa maji ambao chini yake hapakauki mwaka mzima. Hapo ndipo binti yangu wa miaka tisa alipowakuta vijidudu wa kijivu, wenye pingili mgongoni, ambao wakiguswa hujiviringa mfano wa punje ya pilipili manga.

Wataalamu huwaita isopodi. Si wadudu hasa, bali ni jamaa ya kaa na kamba waliohamia nchi kavu. Binamu zao ndio wale watimkao juu ya mawe ya ufukoni mtu apitapo. Hupumulia viungo vilivyo chini ya tumbo, navyo sharti viwe na unyevu.

Hilo tulilijua kwa majuto. Binti alitia kumi ndani ya kopo, nami, nikichelea uchafu chumbani, nikamwambia aliweke dirishani. Hadi alasiri hakusalia hata mmoja. Mtoto alilia sana, nami nikaona haya.

Shangazi hakutukaripia. “Kiumbe ukimfungia, mwanangu, riziki yake i juu yako,” alisema, akatupa bakuli la udongo. Tukatandika mchanga wa kiwandani, majani yaliyooza na kipande cha matumbawe. Upande mmoja tuliurowesha, wa pili tukauacha mkavu, wachague wenyewe.

Mchana hujificha, usiku, kwa mwanga hafifu wa tochi, hutoka kutafuna majani. Siku moja tulimwona mmoja nusu yake nyeupe, nusu ya kijivu, tukadhani ni mgonjwa. Kumbe huvua gamba kwa awamu mbili, nyuma kwanza, mbele baadaye, kisha hulila lile gamba kuukuu. Jike naye hutaga mayai ndani ya mfuko ulio chini ya kifua chake, akayabeba humo hadi yaanguliwe. Usiku wa kuamkia safari yetu watoto walitoka, weupe, wadogo kama chembe za chumvi. Huzaliwa na jozi sita za miguu; ya saba huja baadaye.

Binti alitaka tuwachukue. Nikafikiria mashua ya kwenda Mokowe, kisha basi na joto lake hadi Mombasa, nikakataa. Alinikasirikia mpaka gatini.

Sasa kila Alhamisi jioni humpigia shangazi simu. Juzi nilimsikia bibi yule akimweleza kwamba ameacha kumwaga maji ya moto pale pembeni mwa mtungi.