Meli zilizama, wakaambiwa wazirudishe

Februari 2022 nilipost vidio ambayo mpaka leo inaniaibisha. Nilikuwa nimekesha nikicheza gemu ya vita kwa kompyuta: Urusi upande huu, Ukraine upande ule. Nikapanga vifaru, ndege, wanajeshi. Gemu ikasema Kyiv inaanguka siku ya tatu. Nikaandika kwa herufi kubwa SIKU TATU TU, nikaweka na muziki wa kutisha. Maze, watazamaji walijaa!

Kilichofuata unakijua. Msafara wa magari ya Urusi, zaidi ya kilomita 60, ulikwama barabarani kaskazini ya Kyiv, na kufikia mwanzo wa Aprili wanajeshi wao walikuwa wameondoka eneo hilo. Gemu yangu haikujua mambo ya kukwama. Haikujua pia kuna rais anaweza kukataa kutoroka.

Lakini kilichonichoma si kukosea, watu hukosea kila siku. Ni komenti ya dada mmoja: "Kaka yangu anasoma huko. Mum ameona vidio yako, hajalala."

Ndio nikaanza kusoma kama hata majenerali hucheza hizi vitu. Wanacheza sana, tena kwa pesa za kweli. Mwaka 2002 Marekani ilifanya zoezi linaitwa Millennium Challenge. Dola milioni 250, watu 13,500, sehemu ikiwa ni kompyuta na sehemu wanajeshi halisi. Upande wa adui, nchi ya kubuni huko Ghuba, alipewa Paul Van Riper, jenerali mstaafu wa Marines. Huyo mzee hakucheza vile walitarajia. Wenzake walikuwa wamejiandaa kunasa mawasiliano yake, yeye akatuma ujumbe kwa nduthi. Ujumbe mwingine akauficha kwa adhana ya misikitini. Kisha akashambulia kwanza, makombora mengi kwa wakati mmoja pamoja na maboti madogo, na meli 16 zikazama, ikiwemo ile ya kubeba ndege. Ingekuwa kweli, karibu watu 20,000 wangekufa.

Sasa sikia walichofanya. Waliinua meli! Zoezi likaanzishwa upya, meli zote ziko sawa, na Van Riper akaamriwa awashe rada zake ndio zipigwe. Akachoka, akaachia wengine uongozi wa upande wake. Wakubwa walijitetea kwamba wanajeshi walikuwa wamepewa siku chache na kuna mambo mengine ya kujaribu. Sawa, hiyo naielewa kiasi, huwezi kurudisha watu 13,500 nyumbani siku ya pili. Lakini mwishowe upande wa Marekani ulitangazwa mshindi, na hapo ndipo mimi nakataa.

Na si wao wa kwanza. Mei 1942 Wajapani walicheza vita vya Midway mezani kabla ya kwenda kupigana. Mwamuzi akasema mabomu ya Wamarekani yamezamisha meli zao mbili za kubeba ndege. Admirali Ugaki akapunguza idadi ya mabomu yaliyolenga, meli moja ikapona. Mwezi uliofuata, baharini, walipoteza nne.

Ukiangalia vizuri, meza ilikuwa imewaonyesha. Haikutabiri siku wala saa, ilisema tu jambo hili linawezekana, jipange. Nimitz, aliyeongoza wanamaji wa Marekani Pasifiki, alisema baadaye kwamba michezo ya chuo chao iliwazoesha karibu kila kitu cha vita ile, isipokuwa marubani wa Kijapani waliojirusha na ndege zao kwa meli. Kwa hivyo mtu akikuambia gemu za vita ni utoto, mwambie aende polepole.

Saa hii nikiri kitu sikuwahi sema. Ule usiku nilicheza mara nne. Mara mbili Kyiv ilianguka, mara mbili haikuanguka. Nikapost ile iliyokuwa na moto zaidi. Kwa hivyo hata mimi niliinua meli, nikiwa kitandani na bando ya shilingi hamsini.

Yule dada nilimwandikia. Kaka yake alikuwa ameshavuka kuingia Poland wiki ya kwanza. Nikamwambia pia kuhusu zile mara mbili zingine. Akauliza, "Na mbona hukutuonyesha?"

Vidio sijafuta. Matokeo yote manne nimeyabandika kwa komenti ya kwanza.