Wosia kwa Wajukuu Wanaorithi Baiskeli Yangu

London

Wajukuu zangu wapendwa,

Magoti yangu hayaviwezi tena vilima vya mji huu, na baiskeli yangu sasa ni yenu. Sitaki muipokee bila maneno haya.

Kwanza ijueni. Baiskeli mlizokulia zina friwili: ukiacha kukanyaga, pedeli hutulia na wewe unaserereka. Hii haina. Gia yake ya nyuma imekazwa kwenye kitovu cha gurudumu, kwa hiyo madhali gurudumu linazunguka, pedeli nazo zinazunguka na miguu yenu pia, mpende msipende. Ndiyo baiskeli ya viwanja vya mbio, kama ule wa Herne Hill uliojengwa hapa kusini mwa London mwaka 1891 na kutumika katika Olimpiki ya 1948. Uwanjani haifungwi breki, kwa sababu wapandaji wote huelekea upande mmoja na hakuna mtoto anayekatiza kufuata mpira. Barabara si uwanja, ndiyo maana hii ina breki ya mbele. Hilo lishikeni, nitalirudia.

Mazoea yana taabu, na taabu ya kwanza itatoka miguuni. Mtakapokaribia kona au taa nyekundu, miguu itataka kupumzika kama ilivyozoea, na pedeli itawarusha kutoka kwenye kiti. Msishindane nayo. Tafuteni mahali tambarare pasipo magari, mzunguke polepole mpaka miguu ikubali kufuata mwendo bila kukumbushwa. Mikanda ya pedeli iacheni imelegea mpaka mtakapoweza kuchomoa mguu huku pedeli zikizunguka. Kabla ya kuondoka, inueni gurudumu la nyuma kidogo, mzungushe pedeli hadi ifike mahali pa kukanyagia, kwani hamwezi kuirudisha pedeli nyuma wakati baiskeli imesimama chini.

Kupunguza mwendo hujifunzwa taratibu. Pedeli inapopanda kwa nyuma, ilemeeni kwa mguu kidogo kidogo, mzunguko baada ya mzunguko. Anayetaka kuizuia kwa mara moja huumiza magoti. Kwenye kona, punguzeni mwendo kabla ya kuingia na msilale sana, maana pedeli ya ndani hamwezi kuizuia juu, na ikigonga lami itawaangusha.

Mteremko uogopeni zaidi ya mlima. Mnyororo wa baiskeli hii unapita kwenye meno 48 mbele na 16 nyuma, hivyo pedeli ikizunguka mara moja, gurudumu huzunguka mara tatu, yaani zaidi kidogo ya mita 6. Kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa, miguu huzunguka karibu mara 80 kwa dakika. Ukifika kilomita 50, inapita mara 130, na wachache huuweza mwendo huo bila kupoteza pedeli. Shikeni breki tangu juu, msingoje hadi miguu ishindwe.

Mnyororo usilegee, kwani ukichomoka unaweza kukwamisha gurudumu la nyuma. Kamba za viatu zifichwe, upindo wa suruali ukunjwe. Mkiusafisha mnyororo, vidole vikae mbali na meno: gurudumu likishashika kasi halisimami kwa ajili ya kidole.

Sasa neno kubwa kuliko yote. Mtawaona vijana wenzenu wameing'oa breki ya mbele ili baiskeli ionekane safi, nao watawaambia kwamba miguu inatosha. Haitoshi. Mtu anapopunguza mwendo, uzito wake huenda mbele na gurudumu la nyuma hukosa mshiko, na hilo ndilo pekee ambalo miguu inaweza kulizuia. Breki ya mbele husimamisha karibu katika nusu ya umbali unaohitajika kwa gurudumu la nyuma peke yake. Kanuni za Uingereza za mwaka 1983 zinadai baiskeli yenye gia iliyokazwa iwe na breki kwenye gurudumu la mbele. Mwaka 2016, hapa hapa London, kijana mmoja aliyepanda baiskeli kama hii bila breki ya mbele alimgonga mwanamke aliyekuwa akivuka barabara. Mwanamke yule alifariki, na mwaka uliofuata kijana akafungwa miezi 18. Familia mbili zilibeba msiba ule.

Wajukuu zangu, sikuwapa baiskeli hii muwashinde wenzenu. Nimewapa kwa sababu inamlazimu mpandaji aangalie mbali, aanze kupunguza mapema, na awe macho muda wote anaoendesha. Mkiyapata hayo, urithi wangu umewafikia. Lakini siku mtakayotaka kuing'oa breki ya mbele, iuzeni baiskeli nzima. Anayevuka barabara ana haki ya kufika kwao, na haki hiyo iko mikononi mwenu.

Mungu awalinde.

Babu yenu