Kipepeo anataka pa kuning'inia

Wasee, ile stori ya kipepeo na mkasi mmeisikia mara ngapi? Mtu anamwona kipepeo akihangaika kutoka kwenye ganda lake, anamhurumia, analikata. Kipepeo anatoka mabawa yamekunjamana na haruki maisha yake yote. Hapo msimulizi ananyamaza kidogo, halafu anakwambia: shida ndizo zinakujenga, usimwonee mtu huruma. Nimeisikia kanisani, nikaisikia shuleni siku ya maombi ya KCSE, na mwezi huu baba ameituma kwa grupu ya familia. Kila mtu alijua inamlenga mdogo wangu.

Shida ni kwamba mimi nina shangazi anayefuga vipepeo.

Si mchezo. Anaishi ukingoni mwa msitu wa Arabuko-Sokoke kule Kilifi, na ni mmoja wa wakulima wanaouzia mradi wa Kipepeo, ulioanza Gede mwaka wa 1993. Wanashika vipepeo wachache msituni, wanawaweka kwa vizimba vya wavu watage, wanalisha viwavi majani, kisha wanauza pupa, yaani kiwavi akishajifungia kimya. Pupa zinapelekwa ng'ambo kwa ndege, zianguliwe huko kwenye nyumba za maonyesho. Majirani walimcheka alipoanza. Karo ya binamu zangu imetoka kwa wadudu.

Kuna wale anaowabakiza wa mbegu, na hao nimewatazama wakitoka. Kutoka kwenyewe ni dakika chache tu. Kazi inaanza akishatoka. Mabawa yake ni madogo, laini, yamejikunja kama nguo iliyokamuliwa sasa hivi. Anatafuta kitu cha kushika, anajining'iniza mabawa yakielekea chini, kisha anasukuma maji ya mwili wake kwenye mishipa ya mabawa mpaka yanyooke. Halafu anangoja yakauke. Saa moja, mbili, wengine zaidi. Muda huo wote hawezi kuruka. Siafu wakimpata, amekwisha.

Akianguka kabla hayajakauka, au akikosa nafasi ya kuyanyoosha, yanakauka hivyo hivyo yakiwa yamepinda, na hakuna kurudia. Nilimwona mmoja aliyetoka bila kuguswa na mtu. Alipambana vizuri kabisa, vile wahubiri wa mafanikio wanapenda. Akateleza, pu! sakafuni. Bawa moja likakauka limekunjwa. Shangazi hakumlaumu kwa uvivu. Alisema kijiti kilikuwa laini mno, akakitoa, akaweka kingine chenye magome ya kukwaruza.

Na yakishakauka, jameni, tuache kuyaita dhaifu. Ule unga unaobaki kwa vidole ukimshika ni magamba madogo yaliyopangwa kama vigae vya paa. Yakitoka hayaoti tena, ni kweli, lakini kipepeo hafi kwa sababu umemgusa. Wengi huruka na bawa lililochanika. Mwaka wa 2013 vipepeo wa aina ya Vanessa cardui, ambao hata huku kwetu wapo, walipatikana ufukweni Guyana ya Ufaransa, Amerika Kusini, mabawa yamechakaa na kutoboka. Mwaka wa 2024 wanasayansi wakachapisha ushahidi kwamba walikuwa wametoka Afrika Magharibi, wakavuka Atlantiki. Zaidi ya kilomita 4,000! Hayo ndiyo mabawa tunayoogopa kupulizia.

Sasa mdogo wangu. Alikuja Nairobi kusomea ufundi wa umeme, akawa analala kwa rafiki yake Kayole. Rafiki akahama, pesa ya keja ikakosekana, akaacha masomo muhula wa pili na kuingia mjengo. Miezi minane akibeba mawe. Baba anasema hiyo ndiyo shule ya maisha. Mimi niliona kijana anarudi jioni amechoka hata kushika kalamu hawezi, na kila wiki anaongea kidogo kuliko iliyopita.

Kwa hivyo tangu Januari analala kwangu. Baba anaita hiyo kukata ganda. Nilimwandikia: Baba, shikamoo, simfanyii kazi yake. Waya anafunga mwenyewe, hesabu za volteji anazikokotoa mwenyewe usiku, mimi hata sizielewi. Jumamosi bado anaenda mjengo kutafuta ada. Mimi nimempa godoro la futi tatu na ufunguo. Ukitaka kujua habari za vipepeo, muulize dadako.

Mtihani wake ni Novemba. Baba ameisoma hiyo meseji, tiki zimekuwa buluu, hajajibu. Lakini shangazi ameniambia kwamba Jumapili alipigiwa simu, wakaongea nusu saa, na baba alitaka kujua kijiti kinafaa kiwe cha mti gani.